Njano Pembeni mwa Kioo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, goti limepunguza maumivu na ile dawa ya kuchua haijaisha. Mimi mwili hauna neno. Ninakula kidogo na kulala kidogo zaidi, lakini sina homa wala kikohozi, kwa hiyo usianze kunitafutia dawa. Nisalimie jirani yako fundi cherehani, na umwambie lile gauni alilonishonea bado ninalivaa, ingawa siku hizi linanipwaya kiunoni. Zaidi ya wote nibusie binti yangu, Bibi Maswali wetu. Mwambie mama yake anamkumbuka kila asubuhi, na lile swali lake la kwa nini paneli haziungui zikikaa juani siku nzima nitalijibu nikija.

Aliyekuletea barua hii unamfahamu. Ni yule fundi aliyezifunga paneli juu ya paa lako miezi minane iliyopita, uliyembandika jina la Bwana Ngazi kwa sababu aliisahau ngazi yake kwako wiki nzima. Najua bado una kinyongo naye kwa kukukanyagia maua, naye anajua. Alipoambiwa nyumba ya kwanza ni yako aliuliza kama hakuna mtu mwingine wa kutumwa. Tafadhali, Mama, leo msamehe. Amekuja kuzishusha paneli zote nne, na kwenye gari amebeba mapipa ya maji safi ya kuwatosha kwa siku kumi. Atachota pia maji ya tangi lako kwenye chupa ndogo sita na kurudi nazo.

Jana nilipokupigia simu kukuambia ufunge bomba la tangi na usilifungue hata kwa kunawa, uliniuliza maji yamefanya kosa gani. Nikasema nitakuandikia. Ukacheka, ukasema tangu lini mtu mwenye simu mkononi akaandika barua, au nimepata mchumba ninayeona aibu kumtaja. Laiti ingekuwa hivyo. Ukweli ni kwamba kwenye simu nilikuogopa. Wewe ukiniuliza jambo kwa sauti ile ya upole, mimi hukimbilia jibu la kukufurahisha, na mara hii sina. Kwenye karatasi angalau hutanikatiza.

Kabla ya kueleza chochote, naomba ufanye haya. Maji ya tangi yasinywewe, yasipikiwe, yasioshee mboga wala vyombo. Najua utasema unayachemsha. Mama, kuyachemsha hakusaidii. Kilichomo si kijidudu kinachokufa kwa moto. Maji yakipungua sufuriani chenyewe kinabaki vilevile, tena katika maji machache. Asubuhi baada ya kuipata barua hii, mpeleke Bibi Maswali hospitali, ukiwa na hii bahasha ndogo niliyoiambatanisha. Umpe daktari, ameandikiwa na mkuu wangu wa maabara. Watamtoa damu kidogo, na wewe utoe pia. Akilia, mwambie sindano hiyo nimeiagiza mimi, anikasirikie mimi.

Sasa nieleze, na nitajitahidi kueleza kama ninavyomweleza Bibi Maswali.

Paneli zako si kama zile za zamani. Zile hutengenezwa kwa silikoni, ni nzito na ghali. Za kwetu zimepakwa utando mwembamba mno wa kitu kinachoitwa perovskaiti, mweusi, unaokula mwanga kwa uroho na kutoa umeme mwingi. Ndiyo maana friji yako haijazima tangu zifungwe na ukawa unawakaribisha majirani waje waone barafu. Lakini utando huo una adui mmoja mkubwa, nao ni unyevu. Ukiingiwa na maji unavunjika. Kinachobaki ni chumvi ya madini ya risasi, yale madini mazito yaliyokuwa yakitiwa zamani kwenye rangi za nyumba mpaka watu wakagundua yanaharibu ubongo wa watoto. Yakiwa ndani ya kioo kilichozibwa vizuri hayamdhuru mtu. Kazi yote ni kuziba, nasi tunaziba kwa gundi pembeni mwa kioo.

Kazi yangu mimi, ile uliyokuwa ukiwaambia watu kwamba napima afya ya jua, ni kujua seli, vile vipande vinavyounda paneli, zinachakaa kwa kasi gani. Hatuwezi kusubiri miaka kumi tuone. Kwa hiyo tunaziweka kwenye sanduku lenye taa kali, joto na unyevu, tunazitesa mchana kutwa, kisha kila asubuhi napima zimebakiwa na nguvu kiasi gani. Namba hizo nazilisha kwenye kompyuta, kwenye modeli niliyoijenga mwenyewe kwa miaka mitatu, nayo inaniambia seli hizo zingeishi muda gani juu ya paa. Modeli yangu ilisema miaka tisa. Kwa jibu hilo paneli zikafungwa kwenye nyumba arobaini za majaribio, nami nikambembeleza mkuu mpaka ya kwako ikawa mojawapo. Nilijivuna sana siku ile. Nilinunua hata keki.

Jumatano ya wiki iliyopita mwenzangu anayetunza funguo aliumwa jino na hakuja kazini. Ni jambo dogo, lakini bila yeye hatukuweza kufungua kabati kavu. Kabati hilo lina vijiwe vinavyonyonya unyevu wote, na kila saa kumi na moja jioni, kabla ya kutoka, tunazitoa seli kwenye sanduku la mateso na kuzilaza humo. Hakuna anayekumbuka nani alianzisha. Nadhani zamani vumbi liliharibu chache, mtu akasema basi ziwe zinalala kabatini, na sisi wote tukafuata, kama mtu anavyofunika chakula. Jioni hiyo nilizifunika kwa kitambaa tu, nikaziacha juu ya meza, nikaenda zangu. Mvua ilinyesha usiku.

Asubuhi nilipopima, namba zilikuwa chini kabisa. Nilidhani mashine imeharibika. Nikabadilisha nyaya, nikapima tena, nikapata zilezile. Seli thelathini na mbili ambazo jana yake zilikuwa imara, zote zilikuwa zimelegea. Nilielewa kabla sijataka kuelewa. Mchana unyevu ulikuwa unapenya kwenye gundi ya pembeni siku zote. Usiku lile kabati lilikuwa linaukausha, utando unarudi katika hali yake, na asubuhi mimi nakuja kupima mgonjwa aliyekwisha kutibiwa. Kila siku, kwa miaka mitatu. Na kwenye daftari letu la vipimo hakuna hata mahali pa kuandika seli zililala wapi.

Juu ya paa lako hakuna kabati, Mama.

Sikumwambia mtu. Nilijikaza nikaziacha nje usiku mwingine, kisha mwingine tena, nikiomba niwe nimekosea. Jumamosi nikazipeleka kwenye chumba chetu cha giza. Kuna kipimo tunachokipenda kule: badala ya seli kutoa umeme, unaipa umeme, nayo inang'aa wekundu hafifu, kisha kamera inapiga picha. Seli nzima hung'aa yote. Za kwangu ziling'aa katikati tu. Pembeni palikuwa na weusi uliotambaa kuelekea ndani, kwa kila moja, upande uleule ambao gundi hupakwa mwisho. Nilikaa chini sakafuni mle gizani, na kwa muda mrefu sikuthubutu kuwasha taa kwa sababu nilijua mwanga ungenionyesha rangi gani.

Nikawasha. Pembeni zilikuwa na njano.

Jumatatu asubuhi niliingia kwa mkuu wa maabara. Nilitegemea atanigombeza, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakunigombeza. Alivua miwani, akaniuliza mvua zilianza lini, akaniuliza nyumba ngapi zinakinga maji ya paani kwa ajili ya kunywa. Nikamwambia kumi na moja. Akaniuliza kama ya mama yangu ni mojawapo. Nikaitikia kwa kichwa. Akachukua simu mwenyewe, akasimamisha mafundi waliokuwa wameanza kufunga paneli kwenye nyumba nyingine, kisha akaanza kupiga nyumba moja moja. Sauti yake ilikuwa imetulia, lakini niliona kalamu aliyoishika inagonga meza bila yeye kujua. Mama, mtu huyo amefanya kazi hii miaka ishirini na sijapata kumwona akiogopa. Kumwona anaogopa kulinitisha kuliko namba zote.

Tangu hapo napiga hesabu ileile. Utando wa paneli moja una risasi kidogo sana, hata kijiko cha chai hakijai. Ikitoka yote ikaingia kwenye tangi lililojaa, ni mbaya, lakini daktari angeweza kuniangalia usoni na kusema tusubiri tuone. Tatizo ni kwamba tangi lako halikuwa limejaa. Mwezi uliopita uliniambia limebaki robo, na kwamba mnakinga kila tone kwa sababu mvua zinachelewa. Kwa robo tangi hesabu inageuka. Nimeigeuza upande huu na upande ule, nimeipunguza kwa kila kisingizio ninachokijua, na kila mara inanirudia juu ya kiwango kinachoruhusiwa kwa mtoto.

Na kuna yale uliyonisimulia bila kujua unasimulia nini. Kwamba Bibi Maswali siku hizi hamalizi uji. Kwamba analalamika tumbo, na hukasirika ovyo, hata siku moja akamtupia paka kikombe. Ulisema ni umri, kwamba hata mimi nilikuwa hivyo nikiwa na miaka minne, tena mbaya zaidi. Inawezekana, Mama. Watoto hususa uji bila risasi yoyote. Nimejiambia hivyo barabarani, kazini, kitandani. Lakini hizo dalili ziko kwenye kitabu, moja baada ya nyingine, nami nimezisoma mpaka nimezikariri, na sasa kila nikikumbuka sauti yake nasikiliza kama bado anauliza maswali mengi kama zamani. Jana aliuliza mawili tu. Nilihesabu.

Usiniulize kama nina uhakika. Sina. Pengine chupa za Bwana Ngazi zitarudi safi, na damu ya mtoto itakuwa haina kitu, na utanitania kwa hofu hii mpaka nizeeke. Daktari aliyezungumza na mkuu anasema pia kwamba hata ikionekana, ikiwahiwa kuna la kufanya: kwanza ni kumwondolea chanzo, kisha maziwa, mboga za majani, nyama, tumbo lisikae tupu, na dawa kama damu itadai. Ninakuandikia haya ili uwe na la kushika.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mstari wa kwanza. Nimeinuka mezani mara tatu kabla ya kuandika aya hii.

Utakumbuka wiki saba zilizopita, siku ya Jumamosi, ulinipigia simu kunieleza habari za harusi ya mtoto wa fundi cherehani. Katikati ya habari hizo ukasema, kama jambo la kupita tu, kwamba paneli ya tatu, ile ya upande wa jikoni, imeota rangi ya njano pembeni, nzuri kama kiini cha yai, na ukaniuliza kama ndivyo inavyotakiwa. Nami nikakujibu ni chavua za maua. Nikasema zimeganda pembeni mwa kioo, zifute kwa kitambaa na maji, zitatoka.

Mama, nilijua.

Katika kazi yetu hilo ni somo la siku ya kwanza, kabla hata hujaonyeshwa choo kiko wapi: nyeusi ni hai, njano imekufa. Hakuna mtu wa maabara yangu anayeweza kusikia njano pembeni mwa kioo akafikiri maua. Nilisikia, na mdomo ukasema chavua kabla sijaupa ruhusa. Siku kumi baadaye nilikuwa nasimama mbele ya wakubwa kuwaonyesha modeli yangu na miaka yake tisa. Nikajiambia ni paneli moja, ni pembe moja, labda Bwana Ngazi aliigonga na ngazi yake. Nikajifanya hamnazo. Sikuandika taarifa. Sikumwambia mkuu. Nilisimama mbele ya watu wale nikaeleza, wakapiga makofi, na jioni nikakupigia simu ukaniombea dua ya shukrani.

Kwa hiyo kabati kavu lilinidanganya, ni kweli, na lilidanganya wote. Hilo ni kosa la kazi na nitalibeba pamoja na wenzangu. Lakini wiki hizi saba ni zangu peke yangu. Jumatatu mkuu aliniuliza kama kuna nyumba yoyote iliyotoa taarifa ya kuona njano. Nikamjibu kwamba hakuna taarifa iliyoandikwa. Ona nilivyochagua maneno. Hata yeye bado hajui, kwa sababu sikutaka mtu mwingine alijue kabla sijakuandikia wewe. Kesho saa mbili asubuhi, Bwana Ngazi akiwa njiani kuja kwako, nitaingia ofisini kwake nimwambie. Akinifukuza, atakuwa na haki. Hilo haliniogopeshi tena. Nashangaa namna lilivyokuwa likiniogopesha.

Kinachonitia hofu ni kitambaa. Sisi kule maabara, tukishika kioo kilichopasuka, tunavaa glavu mbili mbili, na glavu hizo zina pipa lake la peke yake. Wewe nilikuambia utumie maji na kitambaa, na maji yale yanapita kwenye mfereji wa paa kwenda tangini. Nilijipa moyo kwamba ulifuta mara moja ukasahau, maana wewe na ngazi hamwivi. Ndipo jana, niliposema kwamba hata kuzifuta paneli muache, ukaniambia kwamba hukupanda wewe, unamlipa kijana wa jirani kila Ijumaa, na kwamba Bibi Maswali atasikitika kwa kuwa kazi ya kukamua kitambaa ni yake, haikubali mtu mwingine aishike, na akimaliza hujipangusa uso kwa maji yanayobaki ili awe msafi kama paneli. Ulilisema hilo ukicheka. Nikakuambia kuna mtu ananiita, nikakata simu.

Hakuna aliyekuwa ananiita.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nikikuomba hivyo utaniambia yamekwisha, kwa sababu ndivyo ulivyo, na mimi sitaki yaishe kirahisi namna hiyo. Ninachokuomba ni kwamba umshike Bibi Maswali mkono hospitali. Kitambaa hicho usikitupe wala usikifue. Bwana Ngazi ana mfuko wake. Ndoo ya kukamulia nayo umpe. Mnawishe mtoto mikono kwa maji ya mapipa, kwenye kucha hasa. Na akikuuliza kwa nini, maana atauliza, naomba aulize, usimwambie ni chavua. Mwambie ukweli kwa kadiri ya akili yake: kwamba mama yake alijua kitu ni kibaya akakiita kizuri.

Jumamosi nikijaliwa nitapanda basi la kwanza nije, niwe na kazi au nisiwe nayo. Usinipikie. Nitakaa na majibu ya damu mkononi au bila majibu, lakini nitakaa hapo. Goti lako lipumzishe, ngazi usiiguse, na huyo Bwana Ngazi mpe kiti, ametoka mbali na hana kosa. Wasalimie wote wanaoniulizia. Kwa yeye mdogo sina salamu ya kutosha. Mbusu tu, lakini kwanza umuoshe uso.

Ni mimi mwanao,
niliyekuambia uifute.